Kabla Nyundo Haijagonga: Namna ya Kukomboa Shamba Lililowekwa Rehani

Barua ya kwanza ya benki ikitumwa Silibwet au Mogogosiek, hapa Bomet, mara nyingi haimfikii mwenye shamba. Inakwenda kwenye sanduku la posta aliloandika siku ya kuchukua mkopo, na sanduku lenyewe ni la shule ya msingi walikosomea watoto wake, la kanisa, au la kiwanda cha chai. Inakaa huko wiki kadhaa. Mwishowe mtoto wa jirani anaibeba, inawekwa kabatini bila kufunguliwa, na mwenyewe anakuja kujua kuna jambo siku dalali anaposimamisha gari langoni akiuliza mipaka. Akifika mahakamani kulalamika kwamba hakupata notisi, wakili wa benki anatoa cheti cha posta kuonyesha kwamba barua ilitumwa kwa rejista kwenye anwani aliyoitoa mkopaji mwenyewe. Mara nyingi hoja yake huishia hapo.

Kwa hiyo, kama shamba lako lina mkopo, anza na kazi ya asubuhi moja tu, hata kama unalipa vizuri. Iandikie benki barua, taja anwani unayotumia sasa, simu yako, ya mkeo au mumeo, na sanduku la posta unalolifungua wewe mwenyewe. Ipeleke tawini kwa mkono, ugongewe muhuri kwenye nakala yako. Hiyo nakala iweke pamoja na karatasi za shamba.

Sasa tuingie kwenye haki yenyewe.

Watu wengi wa Bomet huzungumza kana kwamba ukishaweka hatimiliki benki, shamba limekuwa la benki hadi utakapolirudisha. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya Kenya iliyoanza kutumika Mei 2012 inasema wazi, katika kifungu cha 80, kwamba rehani ni dhamana tu, haihamishi umiliki. Shamba ni lako. Benki inachoshika ni haki ya kuliuza ukishindwa kulipa, na haki hiyo imefungwa kwa masharti. Kifungu cha 89 kinaipiga marufuku kanuni yoyote ya kumruhusu mkopeshaji alitwae shamba liwe lake kwa sababu tu umechelewa. Kifungu cha 102 kinakupa wewe, na wengine wenye haki katika ardhi hiyo, nafasi ya kulipa deni na kufuta rehani wakati wowote kabla mkopeshaji hajakubaliana na mnunuzi. Hata kama mkataba ulioutia sahihi una kipengele kinachokunyima nafasi hiyo, kipengele hicho hakina nguvu.

Haki hiyo ni imara, lakini ni haki ya kulipa. Hapa ndipo watu wanapojidanganya, na baadhi ya mawakili wanawaacha wajidanganye. Mahakama haina kifuko cha kusamehe deni. Inachoweza kukufanyia ni mambo mawili: kumzuia mkopeshaji anayeruka hatua za sheria, na kukupa muda ukionyesha kwamba pesa ziko njiani. Anayekwenda kortini bila mojawapo ya mambo hayo anakwenda kununua miezi michache kwa bei ghali, maana riba nayo inaendelea kupanda.

Hesabu ya siku

Fuata hatua hizi kwa makini, kwa sababu kasoro nyingi za benki na uzembe mwingi wa wakopaji hutokea hapa.

Ukikosa kulipa, benki haiwezi kukurukia siku hiyo hiyo. Kuchelewa kwako lazima kuendelee mwezi mmoja kwanza. Baada ya hapo inakutumia notisi ya kifungu cha 90. Notisi hiyo inapaswa kueleza umekosea wapi, ulipe kiasi gani kurekebisha kosa hilo, na ikupe muda usiopungua miezi mitatu. Inapaswa pia kukujulisha nini kitafuata usipolipa, na kwamba una haki ya kuomba nafuu mahakamani. Isome notisi yako ukiwa na kalamu mkononi. Je, inataja malimbikizo uliyochelewesha, au inadai mkopo wote kwa mkupuo? Katika siku hizo 90 mara nyingi inatosha kulipa malimbikizo na mkopo ukaendelea kama kawaida. Ukizipoteza, utahitaji kutafuta deni zima. Mikataba mingi ina kipengele kinachoifanya benki idai kila kitu ukikosa awamu moja, kwa hiyo muulize ofisa wa mikopo kwa maandishi: nikilipa kiasi hiki kufikia tarehe hii, rehani inaendelea? Jibu lake lihifadhi.

Miezi mitatu ikipita, benki ina njia tano: kukushtaki ikidai pesa, kuteua mpokeaji wa mapato ya shamba, kulikodisha, kuingia na kulimiliki kwa muda, au kuliuza. Nyingi huchagua kuuza. Lakini hata hapo lazima itume notisi nyingine, ya kifungu cha 96, na isubiri siku 40 tangu uipokee. Nakala ya notisi hii inatakiwa kumfikia pia mke au mume aliyeridhia mkopo, mdhamini, mpangaji, mmiliki mwenza, na mkopeshaji mwingine mwenye rehani kwenye ardhi hiyo hiyo. Benki nyingi humkumbuka mkopaji na kumsahau mke.

Kisha lazima shamba lithaminiwe. Kanuni za Madalali za 1997 zinataka bei ya chini ya mnada itokane na tathmini ya mtaalamu ambayo haijapita miezi 12. Dalali naye anakupa notisi ya siku zisizopungua 45 ya kukomboa mali yako kwa kulipa kiasi alichoagizwa kudai. Anapaswa kuikabidhi kwako au kwa mtu mzima wa familia yako. Zikiisha, mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini.

Zikifuatwa moja baada ya nyingine, hatua hizi zinachukua zaidi ya miezi saba tangu siku ulipokosa kulipa. Kwa mkulima wa chai hapa kwetu, miezi saba ni muda wa maana sana. Mwaka wa fedha wa viwanda vya wakulima wadogo hufungwa mwisho wa Juni, na bonasi hulipwa miezi michache baadaye. Notisi ikikufikia Aprili, bonasi ya mwaka huo inaweza kuingia kabla dalali hajafika gazetini. Notisi ikija Novemba, bonasi umeshaila, na unabaki na malipo ya kila mwezi ya majani mabichi na maziwa unayopeleka Sotik. Hesabu mapato yako dhidi ya tarehe hizo, uandike karatasi moja yenye miezi na kiasi, uipeleke benki. Ofisa anayeona ratiba ya kiwanda cha Kapkoros au Tirgaga na kilo zako za miaka mitatu iliyopita anazungumza nawe kwa namna tofauti na anayesikia "nitajaribu."

Unadaiwa kiasi gani hasa?

Huwezi kukomboa bila kujua bei ya kukomboa. Omba taarifa kamili ya akaunti ya mkopo tangu siku ya kwanza, si ukurasa wa mwisho tu. Angalia vitu vitatu: riba ilipanda lini na uliarifiwa vipi, adhabu za kuchelewa zilihesabiwaje, na gharama za wakili, mthamini na dalali zimeandikwa mara ngapi. Kifungu cha 84 kinataka ujulishwe kwa maandishi walau siku 30 kabla kiwango cha riba kubadilishwa.

Kuna pia kikomo cha riba ambacho wakulima wachache wanakijua. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu Mei 2007, kinasema kwamba mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki, riba ambayo benki inaweza kudai haiwezi kuzidi msingi uliokuwa umebaki siku hiyo. Tuseme ulikopa shilingi 900,000 kwa dhamana ya ekari mbili za chai. Ulilipa vizuri hadi msingi ukabaki 600,000, kisha ukakwama na mkopo ukaingizwa kwenye orodha ya mikopo mibovu. Miaka ikipita, benki inaweza kudai msingi wa 600,000 na riba isiyozidi 600,000, yaani 1,200,000, pamoja na gharama halali za kudai. Ukiletewa 1,900,000, usibishane mdomo mtupu. Peleka taarifa ya akaunti kwa mhasibu, afanye hesabu upya, kisha uiandikie benki ukitaja kifungu hicho. Kikomo hiki kimeandikwa kwa ajili ya benki. Deni likiwa la sacco au la mkopeshaji binafsi, usikitegemee kabla ya kumwona wakili.

Jihadhari na jambo moja hapa. Kubishania hesabu peke yake hakuzuii mnada. Majaji wamesema hivyo mara nyingi: benki ikikosea hesabu, utarudishiwa kilichozidi, lakini deni lipo na shamba linaweza kuuzwa. Mwenye kubishania hesabu anasikilizwa vizuri zaidi akiwa amelipa kile ambacho yeye mwenyewe anakiri kudaiwa. Ukisema deni halali ni 1,200,000 na si 1,900,000, lipa hiyo 1,200,000 au sehemu yake kubwa, halafu pigania iliyobaki.

Kabla ya korti

Njia za kukomboa nje ya mahakama ni nafuu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndizo wanazozipuuza watu. Unaweza kuomba benki ikubali uuze mwenyewe ekari moja kati ya tatu, kwa bei ya soko, mnunuzi akalipa benki moja kwa moja. Itahitaji ridhaa ya benki na kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi kwa ajili ya kugawa na kuhamisha, lakini bei utakayopata kwa jirani anayelijua shamba lako kwa kawaida ni bora kuliko ya mnadani. Unaweza kutafuta benki au sacco nyingine inunue mkopo kwa masharti mepesi. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Ardhi kinakuruhusu kuomba rehani ihamishiwe kwa mkopeshaji mwingine.

Kama aliyekopa amefariki, usikimbilie kukata miti kulipa deni kabla ya kuuliza bima. Mikopo mingi ya benki huja na bima ya maisha inayolipa salio mkopaji akifa, na familia nyingi hazijui hivyo kwa sababu karatasi ilisainiwa na marehemu peke yake. Ukitaka kwenda kortini kwa niaba ya marehemu, lazima kwanza upate barua za usimamizi wa mirathi, hata za muda. Bila hizo, kesi yako itatupwa.

Na kama uliweka shamba lako kwa mkopo wa mwanao au wa ndugu, wewe ndiye mweka rehani. Notisi lazima zikufikie wewe, si yeye tu. Wazee wengi wa Konoin na Chepalungu wamejikuta hapo: kijana alichukua mkopo wa basi, baba akatoa hatimiliki, na barua zote zikaenda kwa kijana aliyehamia Nairobi.

Ukilazimika kwenda mahakamani

Kifungu cha 103 kinawataja wanaoweza kuomba nafuu: mweka rehani, mmoja wao kama ni wengi, mke au mume wake, mpangaji, na msimamizi wa mali ya aliyefilisika. Ombi linaweza kupelekwa wakati wowote baada ya kupokea notisi, na kuliwasilisha hakuhesabiwi kuwa kukiri kosa.

Njia iliyozoeleka ni kufungua kesi ya kawaida, na pamoja nayo ombi la dharura chini ya Agizo la 40 la Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010 ili mnada usimamishwe. Kuna njia nyingine ambayo haitumiki sana: Agizo la 37, kanuni ya 4, linaloruhusu mweka rehani au mtu yeyote mwenye haki ya kukomboa kuanzisha shauri kwa wito wa mahakama, kwa lengo mahususi la kukomboa mali na kurudishiwa hati. Inafaa zaidi pale ambapo ugomvi ni mdogo: una pesa mkononi, mkopeshaji anakataa kuzipokea au kukuambia kiasi, na unataka jaji aamue bei ya kukomboa. Kesi ikihitaji ushahidi mrefu wa udanganyifu au sahihi ya kughushi, njia ya kawaida ni bora.

Ombi la kuzuia mnada linapimwa kwa vigezo vya kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973, na hadi leo hakuna jaji wa Kenya anayevikwepa. Je, una kesi yenye dalili ya kushinda? Je, hasara utakayopata haiwezi kufidiwa kwa pesa? Na kukiwa na shaka, mizani ielekee upande gani? Kigezo cha pili ndicho kinachowaangusha wakopaji. Mahakama nyingi zimeshikilia kwamba ukishaliweka shamba rehani, wewe mwenyewe umekubali kwamba lina bei, kwa hiyo kulipoteza kunaweza kufidiwa. Kusema "hapa ndipo kitovu changu kilipozikwa" kunagusa moyo lakini hakusaidii sana kisheria. Hiyo ndiyo sababu uzito wote unarudi kwenye kigezo cha kwanza, yaani kasoro ya kweli katika rehani yenyewe au katika notisi.

Kasoro zinazosikilizwa ni hizi. Kwanza, notisi ya siku 90 au ya siku 40 haikutolewa, au ilitumwa kwenye anwani ambayo si yako. Pili, ridhaa ya mke au mume. Kifungu cha 79 kinasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali tu ikiwa imesainiwa na mweka rehani na mwenzi yeyote anayeishi katika nyumba hiyo, au kuna ushahidi kwamba waliridhia. Neno "yeyote" lina maana kubwa huku kwetu. Katika boma lenye wake wawili, hoja si nani aliolewa kwanza wala nani ana cheti, bali ni nani anaishi pale. Mke wa pili ambaye nyumba yake iko kwenye kiwanja kilichowekwa rehani ana haki ya kusimama mbele ya jaji kwa jina lake mwenyewe. Lakini atahitaji kuthibitisha ndoa ya kimila, kwa hiyo atafute mapema wazee walioshuhudia na hati ya kiapo. Benki nayo huenda ikatoa karatasi ya ridhaa yenye sahihi ya mwanamke mwingine kabisa. Hapo mwombe wakili adai nakala ya kitambulisho kilichoambatishwa.

Tatu, kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Shamba la kilimo likiwekwa rehani bila kibali hicho, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inaifanya rehani kuwa batili. Benki huwa makini na hilo. Wakopeshaji wadogo huwa hawana habari nalo. Nne, bei. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mkopeshaji apate bei bora inayowezekana wakati wa kuuza. Shamba likiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa hadi benki ithibitishe vinginevyo, na unaweza kuomba mauzo yabatilishwe. Ndiyo maana inakulipa kumtafuta mthamini wako mwenyewe kabla ya mnada. Ripoti ya mthamini aliyesajiliwa ina uzito mahakamani ambao maneno ya majirani hayana.

Ukigundua kwamba mnada umebakiza siku chache, jaji anaweza kutoa zuio la muda bila kusikiliza upande wa pili, lakini halizidi siku 14, na wewe unapaswa kuwapelekea benki nyaraka ndani ya siku tatu. Ukifanikiwa baada ya wote kusikilizwa, jiandae kwa masharti: kuweka sehemu ya deni benki au kortini, kuendelea kulipa kila mwezi, na kuahidi kuilipa benki hasara kama zuio litaonekana halikustahili. Ukivunja sharti, zuio linaanguka. Hata usipolivunja, kesi isipoamuliwa ndani ya miezi 12 zuio linakwisha lenyewe, isipokuwa korti iwe imeamuru vinginevyo. Nimewaona watu wakisherehekea zuio kwa kuchinja mbuzi. Afadhali mbuzi huyo angeuzwa.

Korti ipi? Hili lina mtego. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza kesi ya madai isiyozidi thamani ya shilingi milioni 20, na mashamba mengi ya ekari mbili tatu yanaingia hapo. Kwa kiasi kikubwa zaidi, Mahakama Kuu ina kituo Bomet, na kuna nyingine Kericho. Mtego wenyewe ni huu: mwaka 2017, katika kesi ya Co-operative Bank dhidi ya Kangethe Njuguna, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba mzozo kuhusu deni na hesabu za rehani ni wa Mahakama Kuu, si wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukifungua kesi kwenye mlango usio wake, mpinzani ataruka na pingamizi na mnada utaendelea wewe ukitafuta mlango mwingine. Muulize wakili swali hili kabla hujamlipa, na asipolielewa, tafuta mwingine. Kama deni ni la sacco na wewe ni mwanachama, mzozo wako kwa kawaida unaanzia kwenye Baraza la Vyama vya Ushirika.

Mkopo wa jirani mwenye pesa

Rehani nyingi za Bomet hazipo benki wala kwenye sajili. Mtu anahitaji karo Januari au pesa za hospitali ya Longisa usiku. Anampelekea mfanyabiashara wa sokoni hatimiliki, wanaandika karatasi mbele ya shahidi, anapewa 80,000, na wanakubaliana kurudisha 110,000 baada ya miezi mitatu. Kisheria hii inaitwa rehani isiyo rasmi, na kifungu cha 79 kinaitambua. Lakini kinamfunga mkopeshaji pia: hawezi kuingia kwenye shamba wala kuliuza bila amri ya mahakama. Mfanyabiashara anayekutumia vijana wakachume chai yako kwa sababu hatimiliki iko kwenye droo yake anavunja sheria, na unaweza kumshtaki.

Hatari kubwa ni ile karatasi nyingine. Wakopeshaji wengi hukusainisha mkataba wa mauzo ya shamba tangu mwanzo, pamoja na fomu za uhamisho zilizo wazi, wakisema ni "za usalama tu." Usisaini. Ukishasaini, itabidi uthibitishe mahakamani kwamba kilichoonekana kuwa mauzo kilikuwa mkopo, na hiyo ni kazi. Kama umeshasaini, kumbuka kwamba mauzo ya shamba la kilimo bila kibali cha bodi ni batili. Nenda kwa naibu kamishna wa kaunti ndogo na kwa ofisi ya ardhi, weka pingamizi la maandishi, na usiende kwenye kikao cha bodi kukubali chochote hadi hesabu yenu iishe. Kila shilingi unayomlipa mtu huyu, mtumie kwa M-Pesa, si mkononi, ili ujumbe ubaki.

Nyundo

Swali linaloulizwa kuliko yote: baada ya mnada, naweza bado kukomboa? Wengi wanaamini kwamba hadi jina libadilishwe kwenye hatimiliki, nafasi ipo. Hapana. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 1988, katika kesi ya Mbuthia dhidi ya Jimba Credit, kwamba haki ya kukomboa inakwisha mara mkopeshaji anapofunga mkataba wa mauzo na mnunuzi, hata kama uhamisho haujasajiliwa. Mnadani, mkataba huo unafungwa nyundo inapogonga. Kuna hata kesi yenye jina la kwetu, Bomet Beer Distributors dhidi ya Kenya Commercial Bank, iliyoripotiwa mwaka 2005, ambayo mawakili huitaja swali hili linapozuka.

Baada ya nyundo, kinachobaki kwa kawaida ni fidia. Kifungu cha 99 kinamlinda mnunuzi, hata aliyejua kwamba notisi ilikuwa na kasoro, na kumpa aliyedhulumiwa haki ya kumdai fidia mkopeshaji. Mauzo yanaweza kubatilishwa pale rehani yenyewe ilipokuwa batili, au palipokuwa na udanganyifu wa mkopeshaji ambao mnunuzi aliujua au alipaswa kuujua. Basi ukijua kuna kasoro, usiuache mnada upite ukitarajia kuja kuupinga. Mwandikie dalali barua kabla ya siku hiyo, ukieleza kasoro, na nakala upeleke benki. Siku ya mnada, tuma mtu aisome barua hiyo mbele ya wanunuzi. Kama kuna udanganyifu, atakayenunua baada ya hapo hawezi kusema hakujua.

Na pesa za mnada zikizidi deni? Zinalipa kwanza kodi na madai ya ardhi, kisha rehani iliyotangulia kama ipo, gharama za mauzo, na deni lenyewe. Kinachobaki ni chako. Watu hukaa miaka bila kukidai, kwa aibu. Dai kwa maandishi, uombe hesabu kamili ya mauzo.

Ukishalipa

Kulipa deni lote hakufuti rehani kwenye sajili. Benki inakupa hati ya kufuta rehani iliyosainiwa, pamoja na hatimiliki yako. Hati hiyo lazima isajiliwe ofisi ya ardhi. Usishangae hatimiliki yako kuandikwa Kericho/Silibwet au Kericho/Chemagel: Bomet ilikatwa kutoka wilaya ya Kericho mwaka 1992, na majina ya zamani ya maeneo ya usajili yamebaki. Baada ya kusajili, lipia upekuzi rasmi wa sajili. Tazama sehemu ya C, inayoonyesha mizigo ya ardhi. Kama rehani bado imeandikwa pale, rudi kaunta siku hiyo hiyo, maana kwenye sajili shamba lako bado lina deni.